Tapeti za Oili: Namna Zinavyofanya Kazi na Namna ya Kuzibadilisha

Asubuhi moja ya mwezi Julai, kaka yangu, mwalimu mstaafu anayeishi Kasulu, alinipigia simu. Aliiweka simu karibu na injini ya gari lake, kisha akaniuliza, "Mdogo wangu, unausikia mlio huo?" Niliusikia vema: ta-ta-ta-ta, mlio mwembamba wa haraka mithili ya cherehani. Gari lenyewe ni Range Rover ya zamani, yenye injini ya petroli ya silinda 8. Nilimjibu bila kusita kwamba tapeti zimechakaa na kwamba yafaa zibadilishwe zote. Basi tapeti 16 zikanunuliwa Dar es Salaam kwa fedha iliyokuwa imewekwa kwa ajili ya mabati ya nyumba, zikasafirishwa kwa basi zaidi ya kilomita elfu moja, na fundi akazifunga pale pale nyumbani. Mlio ukaisha. Baada ya majuma mawili, kaka alipokuwa amefika Kibondo, mlio ukarudi, na safari hii taa nyekundu ya oili ikawa inawaka kila gari liliposimama.

Kosa halikuwa la fundi, wala halikuwa la tapeti. Lilikuwa langu mimi niliyetoa hukumu kabla ya kupima. Makala haya yanakusudia kueleza tapeti ya oili ni kitu gani, inafanyaje kazi, mlio wake una maana gani, na namna ya kuibadilisha nyumbani inapolazimu. Mwanafunzi wa fizikia ataona kwamba karibu kila hatua ya maelezo haya inatokana na mambo anayojifunza darasani.

Safari ya mwendo kutoka kemshafti hadi valvu

Kila silinda ya injini ina valvu za kuingizia mchanganyiko wa hewa na petroli na valvu za kutolea moshi. Valvu hufungwa na springi yenye nguvu, na hufunguliwa na kemshafti, yaani mhimili wenye nundu. Mhimili unapozunguka, nundu huinua tapeti iliyokaa juu yake. Katika injini za aina ya ile ya kaka yangu, tapeti nayo huinua ufito wa chuma ambao mafundi huuita pushirodi. Ufito husukuma ncha moja ya roka, na ncha ya pili ya roka hubonyeza valvu ikafunguka. Nundu ikipita, springi huirudisha valvu mahali pake.

Msomaji atakumbuka kwamba katika injini ya mipigo minne, kila valvu hufunguka mara moja katika mizunguko miwili ya krankshafti. Kwa hiyo kemshafti huzunguka kwa nusu ya mwendo wa krankshafti. Injini ikizunguka mara 3,000 kwa dakika, kila tapeti hupanda na kushuka mara 1,500 katika dakika hiyo, yaani mara 25 kwa sekunde. Katika safari ya saa moja, hiyo ni mara 90,000.

Tatizo la joto

Chuma kikipata joto hutanuka. Tuchukue mfano wa valvu yenye urefu wa milimita 110, ambayo joto lake kwa wastani limepanda kwa nyuzi 400 za Selsiasi. Chuma cha pua hutanuka kwa takriban sehemu 12 katika milioni kwa kila nyuzi moja. Tukizidisha, 110 × 0.000012 × 400, tunapata milimita 0.53. Huo ni urefu mdogo kwa macho, lakini kwa injini ni mkubwa. Kama sehemu zote zingefungwa zikigusana barabara wakati wa baridi, valvu iliyotanuka isingeweza kufunga wakati wa moto. Gesi za moto zingepenya ukingoni mwake na kuiunguza.

Dawa ya kale ya tatizo hili ni kuacha nafasi ndogo kati ya roka na valvu. Katika injini ya petroli ya lita 2.25 iliyofungwa katika Land Rover nyingi za zamani zilizotumika nchini, nafasi hiyo ni milimita 0.25. Fundi huipima kwa fila geji, na huirekebisha kwa skrubu na nati iliyo juu ya roka. Njia hii ni rahisi na ya kutegemewa, lakini ina kasoro mbili. Nafasi hubadilika kadiri sehemu zinavyochakaa, kwa hiyo lazima ipimwe tena na tena. Aidha, kila roka inapovuka nafasi hiyo na kugonga valvu, sauti hutokea.

Tapeti ya oili ilibuniwa ili kuondoa kasoro hizo mbili kwa pamoja. Kampuni ya Cadillac ya Marekani ilitumia vifaa vya aina hii katika gari lake la silinda 16 lililotoka mwaka 1930, na sifa kubwa ya gari hilo ilikuwa ukimya wa injini yake. Injini ya kaka yangu nayo ina asili ya Marekani. Ilibuniwa na Buick, kisha kampuni ya Rover ya Uingereza ikapata haki za kuiunda mwaka 1965, ikaanza kuitumia mwaka 1967, na kuanzia mwaka 1970 ikafungwa katika Range Rover.

Ndani ya tapeti ya oili

Kwa nje, tapeti hii ni kopo dogo la chuma kigumu, linaloweza kufumbatwa katika kiganja. Ndani ya kopo mna pistoni ndogo inayoweza kupanda na kushuka. Chini ya pistoni mna chumba kidogo chenye springi dhaifu. Kati ya pistoni na chumba hicho kuna tundu linalozibwa na kigololi kinachoruhusu oili kuingia chumbani lakini kikaizuia isitoke.

Wakati valvu ya injini imefungwa, springi dhaifu huinua pistoni mpaka nafasi zote katika mnyororo wa ufito na roka zimalizike. Chumba kinapopanuka, oili inayoletwa na pampu hukisukuma kigololi, ikaingia na kujaza chumba. Mara nundu ya kemshafti inapoanza kuinua tapeti, kanieneo katika chumba hupanda ghafla na kigololi huziba tundu. Sasa oili imefungiwa. Kwa kuwa kimiminiko hakishindiliki kwa urahisi, tapeti hufanya kazi kama kipande kimoja cha chuma, na valvu hufunguka.

Kiasi kidogo sana cha oili huvuja kupitia mwanya ulio kati ya pistoni na kopo. Mwanya huo ni mikromita chache tu, yaani ni mwembamba kuliko unywele wa mtu mara nyingi. Uvujaji huu si kasoro, bali ni sehemu ya ubunifu wenyewe. Valvu ikitanuka kwa joto, pistoni hushuka kidogo ili kuipa nafasi ya kufunga. Na sehemu zikichakaa, pistoni hupanda kidogo zaidi kufidia. Tapeti hujirekebisha yenyewe katika kila mzunguko.

Kwa nini oili na si hewa? Hewa iliyo katika kanieneo cha angahewa moja ikiongezewa angahewa moja nyingine, bila joto lake kubadilika, hupungua kuwa nusu ya ujazo wake. Kwa upande wa oili, ili kupunguza ujazo wake kwa asilimia moja tu huhitajika kanieneo cha takriban angahewa 150. Hivyo basi, mapovu machache ya hewa yakiingia katika chumba cha tapeti, nguzo ya oili iliyokuwa ngumu kama chuma huwa laini kama mpira. Tapeti hubonyea, nafasi hurudi, na mlio husikika.

Mawese na oili ya injini

Ndugu zetu wa Kigoma hawahitaji maabara ili kuelewa maana ya mnato. Katika nyanda za juu za Kasulu na Kibondo, zilizo zaidi ya mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, asubuhi za kiangazi huwa na baridi, na mawese yaliyo katika chupa huwa mazito, hata sehemu yake huganda. Chupa hiyo hiyo ikiwekwa juani, mawese humiminika kama maji. Oili ya injini haigandi kwa baridi ya kwetu, lakini mnato wake hubadilika vivyo hivyo: ni mzito injini ikiwa baridi, na hupungua sana injini ikiwa moto.

Namba zinazoandikwa katika kopo la oili, kama vile 20W-50 au 15W-40, zinahusu jambo hili. Namba ya kwanza, yenye herufi W, hueleza tabia ya oili katika baridi; namba ya pili hueleza mnato wake katika nyuzi 100 za Selsiasi. Kwa kuwa tapeti hutegemea oili ipite katika vitundu vidogo na isivuje upesi katika mwanya mwembamba, kutumia oili isiyoagizwa na mtengenezaji wa injini ni kuibadilishia tapeti masharti yake ya kazi.

Kuusoma mlio

Kabla ya kushika spana, yampasa mwenye gari kusikiliza kwa utaratibu. Swali la kwanza ni kama injini yenyewe ina tapeti za oili. Land Rover nyingi za zamani hazina. Vilevile injini ya dizeli ya Toyota iitwayo 1HZ, iliyoanza kufungwa katika Land Cruiser mwaka 1990, haina. Nafasi zake hurekebishwa kwa visahani vya unene mbalimbali. Katika injini za namna hiyo, mlio huweza kumaanisha tu kwamba wakati wa kupima nafasi umefika.

Swali la pili ni mwendo wa mlio. Injini inapozunguka polepole gari likiwa limesimama, hali ambayo mafundi huiita sailensa, mizunguko yake huwa kama 700 kwa dakika. Tapeti moja yenye kasoro italia mara 350 kwa dakika, yaani karibu mara 6 kwa sekunde. Beringi ya krankshafti iliyochakaa hugonga kwa sauti nzito, tena kwa mwendo wa krankshafti yenyewe. Sauti ya namna hiyo ikisikika, injini izimwe mara moja.

Swali la tatu ni wakati gani mlio unatokea. Ukisikika kwa sekunde chache tu asubuhi kisha ukakoma, huenda ni oili iliyovuja usiku kutoka katika tapeti ambazo valvu zake ziliachwa wazi. Si jambo la kuogopesha. Ukitoka mahali pamoja wakati wote, injini ikiwa baridi au moto, yaelekea tapeti moja imekwama au imechakaa. Ukisikika kutoka tapeti nyingi injini ikiwa moto na ikizunguka polepole, shaka kanieneo cha oili. Na ukitokea zaidi katika mwendo mkubwa, angalia kijiti cha kupimia oili: ikiwa pungufu mno, pampu huvuta hewa, ikizidi mno, krankshafti huipiga mpaka ikatoa povu.

Hapo ndipo nilipokosea. Kaka aliponipigia simu sikumwuliza mlio unatokea wakati gani. Kama ningemwuliza, angeniambia kwamba huzidi injini ikishapata moto.

Alichokigundua fundi wa Kibondo

Kaka alipoiona taa nyekundu alizima injini, akalala Kibondo. Asubuhi fundi mmoja wa pale alifungua swichi ya oili, akafunga mahali pake kipimo cha kanieneo chenye mshale. Injini ilipokuwa baridi, mshale ulipanda vizuri. Ilipopata moto, mshale ulishuka karibu na sifuri. Fundi akateremsha sampo, na chujio la pampu likaonekana limezibwa na tope jeusi kama lami.

Tope hilo lilitoka wapi? Kwa muda mrefu oili ilikuwa ikiongezwa tu bila kubadilishwa. Chujio la hewa lilikuwa limechanika, likawa linapitisha vumbi jekundu la barabarani. Isitoshe, gari lilitumika zaidi kwa safari fupi za sokoni, ambazo hazikuipa injini joto la kutosha kuondoa mvuke wa maji unaotokana na kuungua kwa petroli. Maji, masizi, vumbi na oili iliyochakaa hutengeneza tope. Oili mpya iliyowekwa siku ya kubadilisha tapeti ilikuwa na viungo vya kusafishia. Ikalibandua tope kutoka kuta za injini na kulipeleka katika chujio. Basi dawa niliyoiagiza mimi ndiyo iliyozidisha ugonjwa.

Sampo na chujio vikasafishwa, oili na filta vikabadilishwa, na baada ya mwendo mfupi vikabadilishwa tena. Mlio ukakoma. Nilipokwenda Kasulu tulizifungua zile tapeti 16 za zamani, moja baada ya nyingine. Mbili tu ndizo zilizokuwa zimechakaa. Nyingine 14 zilikuwa nzima, ila zimeshikwa na uchafu.

Inapolazimu kuzibadilisha

Ikiwa kanieneo kimepimwa na kuonekana kizuri, oili ni safi, na bado tapeti inalia, basi ni halali kuifungua. Kazi hii huweza kufanyika nyumbani, mahali pasipo vumbi wala upepo. Maelezo yafuatayo yanahusu injini zenye ufito, kama ile ya silinda 8. Injini zenye kemshafti juu ya kichwa huhitaji utaratibu wake, na katika kila hali kitabu cha mtengenezaji ndicho chenye neno la mwisho.

Kwanza, acha injini ipoe, ondoa waya wa betri, na safisha injini kwa nje. Mwaga maji ya rejeta yote kabla ya kufungua manifoldi ya kuingizia hewa, kwa sababu maji hupita ndani yake na huweza kumwagikia tapeti. Petroli isiachwe ikivuja, na moto usiwe karibu.

Pili, baada ya kuondoa manifoldi, gasketi yake na vifuniko vya roka, legeza boliti za mihimili ya roka kidogo kidogo, zote kwa zamu, maana springi za valvu zinaisukuma mihimili hiyo. Boliti moja ikifunguliwa yote kabla ya nyingine, mhimili huweza kupinda.

Tatu, toa fito na tapeti kwa mpangilio. Chukua ubao, utoboe matundu 16 na kuyapa namba, kisha weka kila kitu katika tundu lake. Tapeti inayorudishwa ni lazima irudi juu ya nundu ile ile iliyozoeana nayo. Ikibadilishiwa mahali, nundu na tapeti husagana upesi.

Nne, tazama uso wa chini wa kila tapeti. Uso huo huundwa ukiwa umebinuka kidogo sana nje, ili tapeti izunguke taratibu inapofanya kazi. Ukiwekwa rula juu yake na kuonekana umebonyea ndani, tapeti imekwisha. Nundu iliyokuwa chini yake nayo yaelekea imekwisha. Kuweka tapeti mpya juu ya nundu iliyolika ni kupoteza fedha. Kemshafti na tapeti zake zibadilishwe pamoja.

Tano, paka oili safi, au mafuta ya kufungia kemshafti, chini ya kila tapeti na katika ncha za fito. Safisha kabisa nyuso za gasketi, ukiziba mianya ili uchafu usiangukie ndani. Kaza boliti kwa zamu na kwa nguvu iliyoagizwa, ukitumia spana yenye kipimo. Pistoni ya kila tapeti lazima ibonyezwe kiasi alichoagiza mtengenezaji: ikikosa kubonyezwa italia, na ikibonyezwa hadi mwisho valvu haitafunga.

Sita, weka oili mpya na filta mpya. Zungusha injini kwa stata, plagi zikiwa zimetolewa na umeme wa kuwashia umekatwa, mpaka kipimo kionyeshe kwamba oili imefika. Kama kemshafti ni mpya, injini ikishawaka isiachwe izunguke polepole. Iendeshwe kama mizunguko 2,000 hadi 2,500 kwa dakika kwa muda wa dakika 20 hivi, kwa kuwa nundu hutegemea oili inayorushwa na krankshafti. Mlio kidogo wa mwanzo ni wa hewa inayotoka katika tapeti.

Oili chafu isimwagwe mtaroni wala karibu na kisima. Iwekwe katika chombo chenye kifuniko, na mikono ioshwe kwa sabuni, kwani oili iliyotumika ina vitu vinavyoweza kuleta saratani ya ngozi.

Majaribio ya darasani

Mwalimu aweza kuonyesha mambo haya kwa vifaa vichache. Chukua mabomba mawili mapya ya sindano, bila sindano zake. Jaza moja hewa, na jingine mafuta yasiyo na povu, kisha ziba midomo yao kwa kidole na ubonyeze. La hewa litabonyea. La mafuta litakataa. Sasa ingiza povu dogo la hewa katika lile la mafuta, ubonyeze tena. Wanafunzi wataihisi kwa mikono yao tapeti inayolia.

Kwa jaribio la mnato, weka mawese katika bomba refu la kioo, udondoshe gololi ndogo ya chuma, na kupima muda inaochukua kufika chini. Rudia baada ya kuliweka bomba katika maji ya moto, kamwe si juu ya moto wenyewe. Chora mchoro wa muda dhidi ya joto. Mwanafunzi ajiulize: iwapo muda umepungua hivyo kwa nyuzi 30 tu, oili ya injini inakuwaje inapotoka katika asubuhi ya Kasulu na kufikia nyuzi 100?

Kipimo cha kanieneo alichokitumia yule fundi wa Kibondo bei yake ni ndogo kuliko ya tapeti nne. Kaka yangu alinunua cha kwake siku hiyo hiyo, akakifunga karibu na usukani. Mabati ya nyumba aliyanunua mwaka uliofuata.